Namna ya Kumrudishia Tomcat Logi Zake Bila Kugusa 777

Kwanza, usiliamini jina la kosa. Java ikinyimwa logi hulalamika kwa FileNotFoundException, na vijana wa zamu hukimbilia kutafuta faili ambalo halijapotea popote. Soma mstari mpaka mwisho. Ukikuta "Permission denied", tatizo ni ruhusa.

Sasa zuia mkono. Utawashwa kuandika chmod -R 777, na nyuma ya kiti chako kutakuwa na mwenzako anayekuhimiza. Mfukuze. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo hauonekani: yeyote mwenye akaunti kwenye seva ataweza kusoma namba za simu za wateja zilizomo kwenye logi, kisha afute alama za alichokifanya. Siku mfumo ukiibiwa, logi ndiyo shahidi wa kwanza kuitwa. Tumlinde.

Uliza badala yake: programu inaendeshwa na nani? ps -ef | grep java itakujibu kwenye safu ya kwanza. Tomcat iliyowekwa kwa apt kwenye Ubuntu huendeshwa na mtumiaji aitwaye tomcat. Halafu piga ls -l umwone mwenye faili. Mara nyingi utamkuta root, kwa kuwa kuna mtu aliiwasha programu kwa sudo, mara moja tu, "kujaribu". Faili likazaliwa mali ya root, na huduma iliporudi kwa tomcat ikakataliwa. Chown inamaliza kesi hiyo.

Isipokwisha, kagua njia nzima kwa namei -l. Folda moja tu iliyomnyima tomcat herufi x inatosha kuziba safari. Tena Log4j inapofunga logi ya jana hulibadilisha faili jina, kwa hiyo inataka haki ya kuandika kwenye folda yenyewe. Jaribu kwa sudo -u tomcat touch, uunde faili jipya humo humo.

Touch ikikubali na Tomcat ikaendelea kugoma, achana na chmod. Ukiona "Read-only file system", mtazame systemd: huduma ya tomcat9 kwenye Debian imewekewa ProtectSystem=strict, na folda yako haimo kwenye ReadWritePaths. Iongeze kwa systemctl edit, uwashe huduma upya. Kwenye Red Hat mshukiwa ni SELinux. Usiizime, hata kwa dakika tano. Ausearch -m avc itakuonyesha ilichozuia, nawe urekebishe lebo ya folda kwa semanage fcontext na restorecon.