Nukta Kwenye Jicho la Ngege

Kazi yangu ni kutengeneza sura ya tovuti: vitufe, rangi, picha. Mwenzangu wa seva akikosea, mteja huambiwa mtandao unasumbua, na mambo yakaisha. Nikikosea mimi, hata mtoto wa jirani anaona. Isitoshe, tangu majirani wa mtaani kwetu Kondele wasikie kwamba nafanya kazi ya kompyuta, nimeletewa redio mbili na pasi. Pasi ilipona.

Basi mama mmoja muuza samaki pale Dunga aliniagiza tovuti, hoteli za mjini Kisumu zipate kuagiza bila kumwamsha alfajiri. Alitaka picha ya samaki aina ya ngege ikae katikati ya ukurasa. Msomaji, usicheke. CSS, lugha tunayopambia kurasa, Mnorwe Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994, na kwa miaka mingi kuketisha kitu katikati, juu hadi chini, kulihitaji ujanja wa mganga. Nilimaliza saa tatu usiku, nikajipongeza kwa chai ya rangi.

Ndipo nikaona nukta nyeusi kwenye jicho la ngege.

Nikafuta mstari mmoja wa msimbo. Ipo. Nikafuta wa pili, wa tatu, nikabadilisha picha. Ipo! Nikamshuku mwenzangu wa seva, nikampigia simu, nikamtoa usingizini. Saa sita kasoro nukta ikatembea hadi kwenye pezi.

Waliokaa Kisumu wanawajua wadudu wa ziwani. Mabuu yao hukulia kwenye tope chini ya maji, kisha hutoka makundi kwa makundi na kupanda angani kama moshi, na usiku hufuata taa yoyote. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, dirisha liko wazi, na taa ilikuwa moja tu: skrini yangu.

Asubuhi nilimpelekea mama kazi yake. Akaifungua kwenye simu, akaigeuza huku na huku.

"Nyathina, mwanangu, mkia uko wapi?"

Katika kuifukuza nukta nilikuwa nimefuta mstari unaoiamuru picha ijipunguze kwenye skrini ndogo. Mkia ulikuwa umetokomea nje ya simu, pamoja na kitufe cha kuagiza.

"Mimi siuzi nusu samaki," akasema.

Nikarekebisha pale pale, nimekalia ndoo iliyofudikizwa. Alinilipa nusu kwa M-Pesa, nusu kwa samaki mbuta. Mbuta alikuwa mzima, na mkia wake.