Gurupu Linapohema

Mwendo wa gurupu la umeme husimamiwa na gavana: vyuma viwili vizito vinavyozunguka pamoja na injini na kutanuka mwendo unapozidi, springi inayovirudisha, na mkono mwembamba unaoongeza au kupunguza mazutu. Kule Misisi, mji wa wachimba dhahabu katika teritori ya Fizi, saluni, vibanda vya filamu na mashine za kusaga huishi kwa huruma ya mkono huo, ingawa hakuna anayeukumbuka mpaka uanze kutetemeka.

Kikomo cha mwendo hakina ubishi. Altaneta ya poli nne huzunguka mara 1500 kwa dakika ili itoe hezi 50. Ya poli mbili, mara 3000. Bila mzigo injini huachwa juu kidogo, tuseme 1560, ili mzigo ukiingia ishuke mahali pake. Mwenye gurupu hayataki hayo. Anataka taa ziwake vizuri, basi springi inakazwa. Ikifika 1800 umeme ni wa hezi 60, volti nazo mara nyingi zimepanda, na balbu zinang'aa kama za arusi kabla ya kufa moja moja.

Kuyumba ni ugonjwa mwingine. Injini inanguruma, inazimia, inanguruma tena, wala hakuna aliyeigusa. Kinyozi huwahi kujua kuliko fundi: mashine yake inang'ata nywele badala ya kuzikata, na mteja anainuka na nusu ya kichwa. Chanzo kikuu ni kuchelewa. Mwendo umeshuka, gavana inaagiza mazutu. Yanafika baadaye, yamezidi. Inayakata, nako kukata kunachelewa. James Clerk Maxwell aliipigia hesabu hali hiyo mwaka 1868.

Dawa ya mtaani ni kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa kwenye mkono wa gavana. Kuyumba kunakoma, ni kweli, kwa kuwa gavana sasa ni mfungwa. Siku mashine ya kusaga ikizimwa ghafla, mazutu yanabaki wazi, injini inapiga yowe, na hata mzee wa mkongojo anaonekana akikimbia bila mkongojo.

Fundi mwenye subira huanza na chujio. Kisha hulegeza skrubu ya kutolea hewa na kupiga pampu ya mkono mpaka mazutu yatoke bila mapovu. Viungio vya gavana husafishwa, pini iliyolika hubadilishwa. Springi huja mwisho, kwa robo ya mzunguko tu. Halafu mzigo mkubwa huwashwa na kuzimwa: injini ikiyumba mara moja au mbili na kutulia, mpira unaweza kurudi kwenye baiskeli.