Hongera kwa Ndege, Tajiri

Hongera, tajiri wetu wa sangara na bondo. Tumesikia umechoshwa na foleni ya Igoma, ukajinunulia Cessna 172 iliyotumika. Capri Point yote inakuheshimu sasa. Fundi wako wa ndege anakupenda zaidi.

Bei uliyolipa ilikuwa kiingilio tu. Kuna ukaguzi wa kila mwaka: viti nje, vifuniko nje, kila kebo inapapaswa. Usimpelekee kijana wa Makoroboi akuchongee kipuri. Ni hodari kweli, lakini boliti ya ndege husafiri na hati zake, na bila hati hizo Mamlaka ya Usafiri wa Anga huiona chuma chakavu. Halafu injini. Watengenezaji wake, Lycoming, wanashauri ifumuliwe ikifikisha saa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Yaani hata ukiiegesha uwanjani na kuishia kupiga nayo picha za Instagram, inazeeka, tena inazeeka kwa dola.

Na mafuta? Hiyo injini ya pistoni hainywi mafuta ya ndege kubwa; inataka petroli yake yenyewe, ya buluu, yenye risasi, na isiyopatikana kila kiwanja. (Bodaboda, maskini, hunywa chochote.)

Sisi bado tupo kwenye kivuko cha Ukerewe, tumebanana na mbuzi na magunia ya dagaa. Ukipita juu tutakupungia. Usipopita, tutajua unasubiri kipuri.