Jinsi ya Kuisoma Walenisi Mara ya Pili, Ukielekea Mpanda

Mara ya kwanza isome vibaya riwaya hii. Hilo ni sharti. Kimbiza kurasa, ruka mazungumzo marefu, tafuta chombo cha angani tu. Dzombo, mhusika mkuu, amehukumiwa kifo, kafungiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani ili kimwue. Nani atajali mambo ya uchumi hapo? Akishatua salama Walenisi, nchi isiyo na fedha wala matabaka, ruksa kusinzia. Wengi husinzia papo hapo, wakasema mwandishi anahubiri. Usione haya. Riwaya nzuri humvumilia msomaji wa namna hiyo na kumngoja akue.

Kisha iweke kando mpaka jina la Dzombo likutoke kichwani.

Siku ukiitaka tena, panda treni Tabora, ile inayochepuka Kaliua kwenda Mpanda. Tawi hilo la kilomita 210 hivi halina haraka, nawe usiwe nayo. Basi linawahi, lakini kuwahi ndiko kulikokuharibia usomaji wa kwanza.

Safari hii anza na mwandishi. Katama Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa Kenya. Mwaka 1986 serikali ya Moi ilimweka kizuizini bila kesi. Walenisi ikatoka mwaka 1995. Ukilijua hilo, hukumu ya Dzombo haiwi tena jambo la kuvumilia ili chombo kiruke. Aliyeiandika anajua mlango unavyosikika ukifungwa kwa nje. Soma polepole hapo, hata kama jirani yako kwenye behewa anataka mazungumzo. Au msomee.

Ukifika Mpanda, fungua pale uliposinzia: mgeni katua, anauliza maswali, wenyeji wanamjibu kwa subira. Nenda nayo kwenye makazi ya Katumba, au ya Mishamo. Warundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972 walipewa ardhi huko, wakafyeka pori, wakalima, wakazaa. Mwaka 2014, watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo mawili na Ulyankulu walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Kaa kivulini katikati ya watu hao, ulitamke jina la nchi aliyotua Dzombo, taratibu, ukilikata vipande.

Hapo ndipo yale uliyoyaita mahubiri yanapogeuka swali: mgeni akishatua, ni nani wa kumwambia kuwa amefika kwao? Roketi haina jibu. Wenyeji ndio wanalo.

Sitakuficha: Mkangi hufafanua kupita kiasi, na kurasa nzito hubaki nzito hata mara ya pili. Zipitie zote. Ni mtu aliyenyimwa uhuru anayejenga, tofali kwa tofali, nchi ambamo hakuna anayenyimwa, na kazi hiyo haiwezi kuwa fupi.

Ukimaliza, usiirudishe kabatini. Mpe kijana wa Katumba aisome, kisha umsikilize yeye.