Majibu kwa Waliolemewa na Vitabu vya Fizikia

Wanaelimu wa Tanzania hutofautisha kitabu cha kiada, yaani kile kilichopangwa kuwa msingi wa somo, na kitabu cha ziada, yaani kile kinachosomwa kando yake ili kuziba pengo ambalo cha kwanza kimeliacha. Tofauti hiyo huonekana nyepesi mpaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaporudi Isaka kwa likizo akiwa na mabegi mawili ya mapengo, na hapo ndipo barua za kuomba ushauri huanza kuandikwa.

Msomaji ajiitaye Behewa Lisilosogea anaeleza kwamba alinakiliwa bwenini vitabu 400 katika flashi moja, kwamba amesoma sura ya kwanza ya kila alichokifungua, na kwamba sasa anaujua utangulizi wa fizikia kuliko mtu yeyote kati ya Tinde na Kahama. Ajibiwe kwamba bandari kavu ya Isaka, ambako shehena hushushwa kwenye treni na kupakiwa kwenye malori yaendayo Rwanda na Burundi, husifiwa kwa mizigo inayoondoka, si kwa inayolundikana uwanjani. Achague kimoja, akikokotee maswali ya mwisho wa sura kwa penseli, na vile 399 avigawe kwa maadui zake. Kuhusu juzuu za Landau na Lifshitz, ambazo anakiri kuzipenda kwa sababu ya majalada yake, hizo ziliandikwa kwa waliokwisha kuivuka hatua aliyopo. Reli ya zamani ipitayo Isaka ina upana wa milimita 1,000 na ya kisasa inayojengwa kutoka Mwanza ina milimita 1,435, wala hakuna anayelilaumu behewa la moja kwa kushindwa kupita katika nyingine.

Mzazi mmoja, mchimbaji mdogo wa Kakola, anauliza kama auze pointi kadhaa za dhahabu, pointi ikiwa sehemu ya kumi ya gramu, ili amnunulie binti yake mihadhara ya mwanafizikia Feynman. Asiuze. Mihadhara hiyo, iliyotolewa kati ya 1961 na 1963 kwa wanafunzi wa miaka miwili ya kwanza wa chuo kimoja huko California, inasomeka bure mtandaoni kwa idhini ya chuo chenyewe, na Feynman mwenyewe alitia shaka, katika dibaji yake, kama iliwafaa sana wanafunzi wale. Ni kitabu cha kufurahia jambo ambalo mtu amekwisha kuanza kulielewa.

Mzazi huyo, hata hivyo, anaweza kumsaidia binti kuchagua kuliko anavyodhani, kwa kuwa kila siku husimama kwenye mwalo, yaani ubao wa mteremko unaomwagiwa maji na mchanga ili dhahabu ibaki na mchanga upite. Densiti ya dhahabu, yaani tungamo lake kwa kila kizio cha ujazo, ni gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, na ya kwatzi, madini ya mchanga, ni 2.65 tu; kwa nini basi dhahabu laini kama unga hukimbia na maji? Kitabu dhaifu kitatoa kanuni na kunyamaza. Kitabu kizuri kitaonyesha kwamba kasi ya punje ndogo kuzama katika maji yaliyotulia hutegemea tofauti ya densiti kati yake na maji, na pia mraba wa kipenyo chake, hivyo kwamba punje ya dhahabu yenye kipenyo cha theluthi moja hivi ya punje ya kwatzi huzama kwa kasi ileile. Tena kitaeleza ni wakati gani kanuni hiyo huacha kufanya kazi. Binti afungue vitabu vitatu kwenye mada hiyo moja, na abaki na kile ambacho, baada ya kukifunika, anaweza kuufikia mlinganyo peke yake.

Anayelalamika kwamba kitabu cha Griffiths kinamshinda katika umemesumaku, taaluma ya umeme na sumaku kama kitu kimoja, huenda hahitaji kitabu kingine cha fizikia, bali cha hisabati ya vekta, na kile cha Mary Boas cha 1966 kinatosha. Akikuta nacho ni kigumu, arudi kwenye kitabu cha Nelkon na Parker cha kidato cha sita bila aibu, kwani hakuna mtihani unaouliza mtu amesoma nini usiku.

Wa mwisho, kutoka Geita, anataka kitabu kimoja chenye majibu yote. Kitabu hicho hakipo. Erasto Mpemba, alipokuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba mwaka 1963, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya uliopoa, akaambiwa kwamba amekosea. Baadaye alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alilijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na hakuna kitabu cha ziada kilicholimaliza.