Jihadhari na Mac

Ukifika Uskoti utaambiwa kwamba Mac ni "mwana wa", kama bin yetu. Ni kweli, na ndipo balaa linapoanzia.

Ukiongea Kigaeli, usimwite dada yake MacDonald kwa jina la kakaye. Yeye si mwana wa kiume wa mtu, ni NicDhòmhnaill. Ukivuka hadi Ayalandi, binti wa ukoo wenye Mac ni Nic, wa ukoo wenye Ó ni Ní, na akiolewa mambo yanabadilika tena. Likikushinda, mwite jina lake la kwanza.

Baa yoyote ina mjuzi atakayekuapia kwamba Mac ni Mskoti na Mc ni Mwayalandi. Mnunulie kinywaji, usimwamini. Mc ni ufupisho tu wa makarani.

Kubwa zaidi: usiulizie baba. MacNab ni mwana wa abati, MacTaggart mwana wa padri. Ndiyo, padri. Mezani pita kimya. MacLeod linatokana na jina la Kinorse, Ljótr. Naye Macbeth, aliyetawala Uskoti tangu 1040 hadi 1057, baba yake hakuitwa Beth bali Findláech. Jina lote ni lake mwenyewe, "mwana wa uhai".

Usidhani pia kwamba pasipo Mac hakuna Mac. Katika Kisiwa cha Man walilimeza neno, ikabaki sauti ya mwisho imeng'ang'ania jina linalofuata: Quayle ni mwana wa Paulo, Kermode mwana wa Diarmaid. Wengine walilificha kwa kuokoa shingo. Mwaka 1603 Mfalme James VI wa Uskoti alilipiga marufuku jina MacGregor, na adhabu ya kulitumia ilikuwa kifo. Watu wakajiita vingine. Hata Rob Roy, MacGregor mashuhuri kuliko wote, alitumia Campbell, jina la upande wa mama. Marufuku iliondolewa kabisa mwaka 1774. Kwa hiyo ukikutana na Campbell, usikimbilie kumweleza asili yake.

Mwisho, mvua. Itakunyeshea tu, nawe utahitaji mackintosh, koti lililopewa jina la Charles Macintosh wa Glasgow, aliyepata hataza ya kitambaa chake kisichopenya maji mwaka 1823. Mwenyewe hakuwa na k. Koti linayo.