Barua ya Mwisho, Toleo la Tano

Nchini Tanzania hakuna neno linalotumikishwa kama “mwisho”. Mpiga debe wa stendi ya Korogwe anatangaza siti ya mwisho wakati ndani ya basi ameketi dereva peke yake, tena dereva wa basi jingine aliyeingia kujikinga na jua. Mama muuza nyanya wa Handeni anakutajia bei ya mwisho; ukigeuka hatua mbili anakuita akutajie bei ya mwisho nyingine. Serikali nayo ilisema laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2019, na zilipobaki siku chache Rais Magufuli akaongeza siku 20, mwisho ukahamia tarehe 20 Januari 2020. Katika nchi hiyo hiyo muuzaji wa pampu za umeme wa jua anaketi mbele ya kompyuta na kuandika: “Hii ni barua pepe yangu ya mwisho kwako kuhusu ofa yetu.” Anatarajia msomaji ashtuke. Msomaji hashtuki. Anajua kwamba hiyo ya mwisho ni ya nne, na kwamba ya tano itaanza na “Habari za siku nyingi”.

Mtindo huu wa kumuaga mteja kwa kishindo hatukuubuni sisi. Umetoka kwenye kozi za mauzo za Wamarekani, na nadharia iliyo nyuma yake si ya kupuuzwa. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba binadamu huumizwa zaidi na kupoteza shilingi mia kuliko anavyofurahishwa na kuipata. Kahneman alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Wauzaji wakachukua kutoka hapo: mwambie mteja kwamba mlango unafungwa, atakimbia kuuzuia. Chris Voss, aliyekuwa mpatanishi wa FBI kwenye kesi za utekaji nyara, katika kitabu chake cha mwaka 2016 anashauri kumwandikia aliyenyamaza swali moja tu, la kama ameamua kuuacha mradi. Kwa Mmarekani, swali hilo linamchokoza aseme hapana, sijauacha, na mazungumzo yanafufuka. Sasa litafsiri, ulitume kwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kata ya Mpale, kwenye miinuko ya Usambara upande wa Korogwe. “Mzee, je, umeuacha mradi?” Mzee wa watu, ambaye hujamuulizia hali yake, wala ya wajukuu, wala ya mvua, anasoma kwamba kijana asiyemjua anamuuliza kama ameshindwa maisha. Hatajibu hapana. Hatajibu kitu. Ataionyesha barua hiyo kwa wenzake kikaoni, chini ya mengineyo.

Hoja yangu ni kwamba tunaiga dawa ya ugonjwa tusiougua. Mmarekani aliyenyamaza, kwa mujibu wa nadharia hiyo, hajaamua, na barua ya mwisho inamsukuma aamue. Mswahili aliyenyamaza mara nyingi alishaamua siku ya kwanza, ila hana mahali pa kuliweka neno “hapana” bila kumvunjia mtu heshima. Lugha yetu ina hapana moja kavu, lakini ina maghala ya hapana zilizovikwa kanzu. “Nitakujulisha” ni hapana. “Tuwasiliane” ni hapana yenye tabasamu. “Ngoja mwezi uishe” ni hapana iliyoahirishwa. “Inshallah” inategemea sauti: ikivutwa mwishoni, funga begi lako. Na ukimya, ule ambao vijana wanauita kula buyu, ni hapana ya mtu aliyeona kwamba hata “nitakujulisha” itakupa matumaini. Kwa hiyo anayelalamika kwamba ametuma barua nne hajajibiwa, amejibiwa mara nne. Tatizo lake ni la usomaji.

Jamii iliyozoea kukataa kwa namna hii haikukosa ufundi wa kulimaliza jambo. Tazama posa. Mvulana hafuatilii jibu mwenyewe. Angefanya hivyo angeonekana hana adabu, na akikataliwa uso kwa uso pangebaki kinyongo cha mtaa mzima. Anakwenda mshenga, mtu mzima mwenye ulimi laini, anapeleka barua, kisha anarudi baada ya muda kuulizia. Wazazi wasiotaka hawasemi kijana wenu hatufai. Wanasema binti bado anasoma, au kwamba baba mkubwa yuko safarini na neno lake lazima lisikilizwe. Mshenga, ambaye hajazaliwa jana, anajua kwamba baba mkubwa hatarudi kutoka safari hiyo. Anashukuru, anamaliza chai, anaondoka, na wiki ijayo watu hao hao wanapeana mikono msibani. Kazi kubwa ya mshenga, kwa hiyo, ni kuhakikisha kwamba hapana ikija, inakuja na sababu isiyomuumiza mtu. Barua pepe ya mauzo ni posa iliyotumwa bila mshenga: mwoaji anapiga hodi mwenyewe, kila Jumatatu saa mbili asubuhi, ameshika bei.

Kuna walionyamaza ambao hata uamuzi hauko mikononi mwao, na hao wanaonewa zaidi. Mwandikie afisa ununuzi wa halmashauri ukimuuliza kwa nini hajajibu ofa yako, ujue unamwomba akose kazi. Kuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, kuna mfumo wa ununuzi wa mtandaoni wa NeST ulioanza kutumika mwaka huo huo, na ununuzi wa umma hutakiwa kupita humo. Kukujibu “sawa, leta” kwenye barua pepe si ukarimu, ni ushahidi. Tena mwaka wa fedha unakwisha tarehe 30 Juni. Anayeandikiwa Mei fedha zimeshakwenda, anayeandikiwa Julai hazijaja. Mkulima wa Handeni naye ana kalenda yake. Wakati wa palizi ya masika pesa yake yote iko ardhini, inangoja jua na kuwaogopa nyani. Barua ya “ofa inaisha Ijumaa” inamfikia mtu ambaye kwake hata Ijumaa ni ya wiki gani haijulikani. Sitasema sana juu ya lile sanduku la barua pepe la taasisi ambalo neno lake la siri aliondoka nalo mwanafunzi wa fildi. Humo barua ya kwanza, ya pili na ya mwisho zinaishi pamoja kwa amani.

Najua wenye malengo ya mwezi watapinga. Watasema upole haulipi kodi ya nyumba, na kwamba vitisho vinafanya kazi: tazama watu wanavyolipa wakiambiwa umeme unakatwa. Ni kweli, lakini mfano huo unanisaidia mimi. Anayekata umeme ana kitu mkononi cha kukata. Hata yeye naona alichoka na maonyo, ndiyo maana LUKU ilipokuja miaka ya 1990 haikuja na barua yoyote: uniti zikiisha, giza linaingia bila salamu wala sahihi. Mpale kwenyewe, ambako kulijengwa gridi ndogo ya umeme wa jua, mtu anafahamu vizuri kwamba taa haimwandikii mtu onyo la mwisho. Muuzaji anayetishia kuondoka na kitu ambacho mteja hajawahi kuwa nacho anatishia kumrudisha mteja alipo sasa, na alipo sasa ndipo alipoamkia leo akanywa chai vizuri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ukimfungulia mteja mlango wa kukataa kwa heshima, si wote watapita hapo? Watapita wengi. Waache wapite. Korogwe imezungukwa na mashamba ya mkonge, na mkonge wote huo una historia ambayo kila muuzaji angefaa kuibandika ukutani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika hai ni 62. Ni kama asilimia sita, kiwango ambacho meneja mauzo wa leo angekiitishia kikao cha dharura. Hindorf hakuketi kuiandikia ile 938 barua ya mwisho. Alipanda 62. Muuzaji anayejua mapema kwamba mwenye duka la pembejeo wa Kabuku hataki mashine ya kusaga anaokoa nauli ya kwenda Kabuku, na katika biashara za kwetu nauli ndiyo mtaji. Anayenung'unika kwamba mteja naye angepaswa kuwa muungwana akajibu, namkubalia kabisa. Ila uungwana wa mteja hauko kwenye orodha ya vitu anavyoweza kuvirekebisha kwa kibodi.

Basi barua iandikwe vipi? Kwanza neno mwisho litoke, kwa sababu zilizotajwa. Limechakaa kama noti ya mia tano ya zamani. Ianze na salamu inayomjua mtu: mvua zimewatendeaje huko juu, kikundi kimeanza kuvuna? Kisha muuzaji ajifanye mshenga wa nafsi yake, amtafutie mwenzake yule baba mkubwa wa safarini. “Nafahamu msimu huu kikundi kina mambo mengi na huenda kamati imeona jambo hili lingoje. Kama ndivyo, neno moja tu linatosha, nami sitawasumbua. Mawasiliano yangu mnayo.” Hapo kamati imebeba lawama, na kamati haioni haya. Mwenyekiti anaweza kujibu “ndivyo kijana wangu” kwa kidole kimoja akiwa juu ya bodaboda. Na kuna jambo wenye kozi walilipatia bila kulielewa: kuaga kwa adabu ndiko kunakozua mazungumzo kwetu. Mgeni akikaa saa tatu haambiwi la maana. Akisimama akasema “basi, naomba ruhusa”, mwenyeji anashtuka, “mbona mapema?”, na ni hapo mlangoni, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, habari yenyewe inapotoka: kwamba bei si tatizo, tatizo ni mweka hazina.

Wengine hawatajibu hata hiyo. Muuzaji atafunga faili, ataandika “amekula buyu” pembeni ya jina na kwenda zake. Itapita masika, mahindi yatavunwa, yatauzwa, madeni ya duka yatalipwa. Kisha jioni moja, miezi minane baada ya barua, simu italia kwa namba ambayo muuzaji alishaifuta. Sauti itakuwa na furaha, kama ya mtu mliyeachana juzi tu. Itasalimia kwa kirefu, nyumbani, kazini, watoto, mvua za huko, halafu itauliza kama ile mashine bado ipo, na bei ya mwisho ni ngapi.